Kombolela ya Ijumaa ya Mwisho

Nchi yetu ni nchi yenye bahati, na mtu akikwambia vinginevyo mwombe kitambulisho. Nchi nyingine zina kalenda tu, kitu cha kutundika ukutani chini ya picha ya maua. Sisi tuna Wizara ya Kalenda, yenye jengo la ghorofa nne na Waziri, Mheshimiwa Dakta Kapungu, ambaye aliapa mbele ya umma kuzilinda siku zote za mwaka, kubwa kwa ndogo.

Mwaka ule, katika mwezi wa tatu, siku moja ilimshinda kuilinda, akaifuta.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Asubuhi hiyo watu wa mtaa wetu wa Bondeni walikwenda ofisi ya wilaya wakiwa na ndoo tupu, kuuliza habari za maji, kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu tangu mwaka mpya. Miongoni mwao alikuwamo fundi bomba aitwaye Ngwali. Hakwenda kupiga kelele. Alikwenda kueleza bomba limeziba wapi, na alikuwa ameuchora mchoro wake nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji ili wakubwa wasipate taabu ya kuelewa. Mchana yakaja malori mawili. Watu thelathini na mmoja wakapandishwa. Ndoo zilibaki zimepangana mlangoni mpaka kesho yake.

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa Waziri alizungumza redioni. "Wananchi wapendwa," alisema, "baada ya uchunguzi wa kina, Serikali imebaini kwamba Alhamisi ya tarehe kumi na mbili haikuwepo. Tulitoka Jumatano tukaingia Ijumaa. Nawapongeza kwa utulivu mliouonyesha wakati wa kuvuka."

Tulipongezana. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alipewa hiari ya kuchagua Jumatano au Ijumaa, mama yake akamchagulia Ijumaa. Bibi mmoja aliyefariki siku hiyo aliandikiwa kwamba alifariki Jumatano jioni, ingawa Jumatano jioni alikuwa jikoni kwake akikaanga samaki, na majirani wanne wakala samaki hao wakashukuru.

Mke wa Ngwali, Bi Mwanamvua, ni mshonaji wa sare za shule. Alikwenda kituo cha polisi kumuulizia mumewe. Nilimsindikiza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu wa shule anakosoma mtoto wao, na mtu mwenye tai husikilizwa upesi.

"Alikamatwa lini?" askari aliuliza.

"Alhamisi, tarehe kumi na mbili."

Askari alimwonyesha kalenda mpya iliyokuwa nyuma yake. Baada ya kumi na moja ilikuja kumi na tatu. "Basi hakukamatwa, mama. Mtu hawezi kukamatwa katika siku ambayo haikuwepo. Nenda nyumbani."

"Nyumbani nimetoka. Hayupo."

"Hilo sasa ni suala la kifamilia," askari akasema, na akanitazama mimi mwenye tai, nami nikatikisa kichwa kukubali. Najua nilitikisa kichwa. Bi Mwanamvua aliniona.

*

Mwezi wa tisa ulifika waraka shuleni. Wizara ilikuwa imegundua kwamba watoto nao wana kalenda yao, isiyosajiliwa. Kila mwalimu mkuu aliagizwa aorodheshe desturi, miiko na michezo yote ya uwanjani inayofuata siku au tarehe fulani, na aiwasilishe kwa mwandiko unaosomeka.

Nina mwandiko mzuri sana. Niliifurahia kazi ile.

Niliandika kwamba Jumatatu hakuna mtoto anayekanyaga kivuli cha mlingoti wa bendera, maana ukikikanyaga utachapwa wiki nzima. Tarehe mosi, wa kwanza kumfinya mwenzake sikio kabla ya salamu ndiye mwenye bahati ya mwezi. Jino hutupwa juu ya paa siku ya Jumanne tu, na likidondoka siku nyingine hukaa mfukoni likingoja. Jumatano huazimi penseli, kwa sababu penseli inaondoka na akili zako. Niliandika kurasa tano, na nilikuwa nikitabasamu mwenyewe ofisini.

Kisha nikamwita Sikudhani, binti wa Ngwali, aliyekuwa darasa la tano. Nilikuwa nimeona jambo tangu katikati ya mwaka: Alhamisi ya mwisho wa kila mwezi darasa lao lilikuwa kimya kabisa. Nilidhani ni nidhamu. Niliwahi hata kuwasifu mbele ya shule nzima.

"Jana nilikuuliza hesabu, hukunijibu," nikamwambia. "Lakini ulikuwa unaijua."

"Jana ilikuwa Alhamisi, mwalimu."

"Kwa hiyo?"

Alitazama mlango, kisha akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi walicheza kombolela. Mchezo huo kila mtu anaujua: mmoja hulinda kopo, wengine hujificha, na anayeonekana hutajwa jina na kusimamishwa kando ya kopo kama mfungwa. Lakini akitokea mmoja ambaye hajaonekana, akalipiga kopo teke na kusema "kombolela", wafungwa wote wanakuwa huru. Siku nyingine walicheza hivyo hivyo tu. Ijumaa ya mwisho, kila mtoto aliyepotelewa na mtu aliweka kijiwe kando ya kopo. Vilikuwa vijiwe kumi na vinne. Kopo likiruka, wenye vijiwe nao wamekombolewa.

"Na Alhamisi mnanyamaza kwa nini?"

"Alhamisi ndiyo iliyowameza, mwalimu. Ukisema kitu Alhamisi, inajua unapanga nini Ijumaa."

"Kwani kopo halijapigwa bado?"

"Limepigwa mara mbili. Lakini mara ya kwanza kuna mtu alimwitikia bibi yake Alhamisi. Mara ya pili Masumbuko alifukuza mbuzi kwa mdomo. Anayepiga ndiye hasa hatakiwi kusema. Mwezi ujao napiga mimi."

Niliyaandika hayo yote. Nilichora na kopo, na vijiwe kumi na vinne kulizunguka. Naapa kwamba sikuona ubaya. Niliona mchezo wa watoto. Mtu akiwa na mwandiko mzuri na maisha ya utulivu, huwa haoni mambo mengi.

*

Baada ya siku kumi alifika Afisa Kalenda wa Wilaya, Bwana Ligomba, akiwa na futi ya kupimia na mfuko wa nguo. Alipima uwanja. Alilitia kopo ndani ya mfuko, kopo la maziwa ya unga lililobonyea kila upande, akaufunga kwa kamba. Kisha akawaweka watoto kumi mstarini.

"Nani aliyewafundisha kukomboa watu?"

"Ni mchezo," akasema Masumbuko, wa darasa la saba.

"Najua ni mchezo. Nauliza kiongozi wake."

Watoto walitazamana. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mchezo una kiongozi.

Nilitegemea mchezo ungepigwa marufuku, na nakiri ningeona nafuu. Lakini Wizara yetu ina watu waliosoma. Walijadiliana siku nne wakaona kwamba ukikataza kukomboa, umekubali kwamba kuna waliokamatwa. Kwa hiyo ikatangazwa Siku ya Kitaifa ya Kombolela, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, katika uwanja wa shule yetu, matangazo ya moja kwa moja redioni. Mlinda kopo angekuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Watoto wangejificha katika sehemu zilizochorwa kwa chokaa na kutiwa namba. Mimi ningesoma majina kwa mpangilio wa alfabeti, Mheshimiwa angeyarudia kwa sauti, na kila aliyetajwa angetoka na kupiga makofi. Mchezo ungekwisha wote wakiwa wamekamatwa, kwa furaha.

Ili pasitokee ajali, kopo jipya, lililopakwa rangi za bendera, lilijengewa chini kwa saruji.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Bi Mwanamvua alipewa kazi ya kushona sare mia mbili za kukamatwa, nyeupe zenye kola ya kijani, akazishona zote bila kusema neno. Nilipokwenda kuzichukua nilimwambia sare ni nzuri. Alinijibu kwamba sindano haina itikadi.

*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mheshimiwa Dakta Kapungu alihutubia dakika hamsini. Alisema kwamba mataifa mengine yanacheza ovyo, ilhali sisi tunacheza kwa mpango. Alisema kwamba mtoto anayekubali kukamatwa mapema ni mzalendo wa kesho. Wazazi wa Bondeni walikaa nyuma ya kamba, na wengi wao walikuwa kimya kama darasa la tano siku ya Alhamisi.

Mchezo ukaanza. Nilisoma majina. Watoto walitoka mmoja mmoja, wakapiga makofi, wakajipanga kando ya kopo. Herufi zikaenda. Nilipofika S, niliona miguu ya Sikudhani chini ya ubao wa matangazo, sehemu namba mia sabini na tatu. Alikuwa amevua viatu.

Katika taarifa yangu nimeeleza kwamba karatasi mbili zilishikana kwa sababu ya jasho. Ukweli ni kwamba karatasi ilikuwa moja tu. Niliruka jina lake nikamsoma Sikujua, kisha Sofia, kisha nikaendelea mpaka Zawadi, nikasema, "Wamekwisha, Mheshimiwa."

Mheshimiwa aliinua mikono kuwapungia wananchi. Hapo ndipo Sikudhani alipotoka. Hakukimbia kama mtoto anayecheza. Alikimbia kama mtu aliyeitwa. Alilipiga kopo teke kwa mguu mtupu, nasi sote tuliojua juu ya saruji tulifumba macho.

Lakini ile ilikuwa saruji ya Serikali. Mkandarasi alikuwa ametia mchanga ndoo tisa na saruji kikombe. Kopo liling'oka na kitako chake chote, likaruka juu ya meza ya wageni, na Sikudhani akasema "kombolela wote" karibu kabisa na kipaza sauti, kwa hiyo nchi nzima ikasikia.

Kisha mama mmoja nyuma ya kamba akaanza kupiga makofi, polepole, na wengine wakamfuata, na Mheshimiwa naye akapiga, kwa sababu alidhani ni sehemu ya ratiba.

Mtoto alikuwa amevunjika kidole gumba cha mguu. Nilimbeba mpaka zahanati. Njia nzima hakulia, ila aliuliza mara mbili kama waliokombolewa hurudi kwa miguu au huletwa.

*

Kesho yake, saa mbili asubuhi, Waziri alizungumza redioni. Sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Serikali yenu ni sikivu, na inaheshimu kanuni za michezo. Kopo limepigwa. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekuwa amekamatwa na yeyote, popote, amekuwa huru tangu jana saa tano na dakika arobaini."

Sitasahau siku tatu zilizofuata. Bondeni palifagiliwa mpaka vichochoroni. Watu walipaka chokaa nyumba. Bi Mwanamvua alifua mashati yote ya Ngwali, ambayo yalikuwa safi, akayapiga pasi. Sikudhani alikaa kizingitini na mguu wake uliofungwa bendeji, na kila mtu mrefu aliyepita mbali alimfanya anyooshe shingo.

Jumanne alikuja Bwana Ligomba na bahasha thelathini na moja. Nilikuwapo kwa Bi Mwanamvua, nimempelekea mtoto daftari. Afisa alimkabidhi karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa juu: Hati ya Kukombolewa.

Mama akaisoma yote, kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko huru, mama."

"Huru wapi?"

"Mtu huru hana mahali maalumu. Ndiyo maana ya uhuru." Afisa alisema bila kebehi; nadhani alikuwa amefundishwa hivyo. "Kuanzia sasa, ukiwa na malalamiko, mlalamikie yeye mwenyewe. Serikali haiwezi kumlazimisha mtu huru arudi kwa mkewe."

Mama akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hapa pameandikwa: sahihi ya aliyekombolewa, haihitajiki."

"Ndiyo."

"Bwana Ligomba, mwaka juzi mlitugawia vyandarua, na kila mtu alitia sahihi. Hata mama mkwe wangu kipofu mlimshika mkono akatia dole gumba. Mtu akiwa hai mnamtaka sahihi."

Afisa akatazama viatu vyake. Mama akaikunja hati mara mbili, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kanga moja tu, nyeusi, na kichwani kitambaa kilichoteremka mpaka kwenye nyusi. Alitandika mkeka barazani, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mama, unafanya nini?" afisa aliuliza.

"Nimefiwa."

"Huwezi kufiwa. Mumeo yuko huru kwa mujibu wa hati. Kumlilia mtu huru ni kuzusha kifo, ni kosa."

"Basi andika kosa."

Akaandika. Lakini jioni ileile palitandikwa mkeka nyumba ya pili, kisha ya sita, na kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa na mikeka. Wizara ilitangaza kwamba Bondeni pana maonyesho ya ususi wa mikeka.

*

Ijumaa asubuhi Sikudhani alikuja ofisini kwangu akichechemea. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mwalimu, nilisema," akaniambia.

"Ulisema nini?"

"Alhamisi. Siku moja kabla ya kupiga. Mama alipaliwa alfajiri, alikohoa sana, nikasahau nikamwambia pole. Neno moja tu. Sikumwambia mtu. Nilipiga na huku najua nimesema. Sasa baba amekufa, na wengine wote."

Katika maisha yangu ya ualimu nimejibu maswali ya wakaguzi, ya mawaziri na ya askari, na sijawahi kukosa jibu zuri. Mbele ya mtoto yule nilitafuta jibu zuri, sikulipata, ikabidi nimpe la kweli.

Nikamkalisha kwenye kiti changu. "Sikudhani, unaikumbuka ile Alhamisi yenyewe?"

"Haikuwepo," alisema haraka, kwa mazoea.

"Ilikuwepo. Nilikuwa nafundisha darasa lenu, kipindi cha mwisho. Unakumbuka tulifanya nini?"

Alifikiri. "Ulituambia tufunge madirisha. Tukaimba wimbo wa mavuno."

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Mpaka Zawadi akapotelewa na sauti."

"Nilikuwa nimeyaona malori yakipita kuelekea machimbo ya kokoto, yamejaa watu. Nikasikia milio. Nikawaambia mfunge madirisha na muimbe kwa nguvu, ili msisikie. Baba yako alikufa siku ile, mwanangu. Hukuwa umepiga kopo wala hukuwa umesema neno. Hakuna neno lako lililomuua. Kama kuna mtu aliyekosea kwa kunyamaza, ni mimi."

Nje watoto walikuwa wakiruka kamba.

"Mimi nilisikia," akasema mwishowe. "Nilidhani ni baruti za wachimbaji."

"Hata mimi nilitaka kudhani hivyo."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto wa umri wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Sikumwambia anyamaze.

Tulikwenda kwao pamoja, polepole kwa sababu ya mguu. Bwana Ligomba alikuwa amekaa kwenye kiti barabarani, akiandika kila aingiaye. Aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja kwenye msiba wa watu waliouawa Alhamisi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Aliandika, kisha akaniomba nirudie tarehe, nami nikairudia. Tangu siku hiyo mimi si mwalimu mkuu tena, kwa kosa la kushuhudia siku isiyokuwepo, na kesi yangu imepangwa kusikilizwa tarehe ambayo Wizara bado haijaamua kama itakuwepo.

Barazani nilimweleza Bi Mwanamvua mbele ya wanawake wote: malori, machimbo, milio, madirisha. Nilimweleza na juu ya wimbo. Nilitegemea anitukane. Wanawake wengine walikuwa wameanza kulia, wake waliokuwa wakisubiri neno la mtu aliyesikia kwa sikio lake.

Bi Mwanamvua aliuliza jambo moja tu. "Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Pengine na dakika chache."

Alimvuta Sikudhani akamlaza mapajani, akawa anamfuta uso kwa ncha ya kanga, huku anahesabu kitu moyoni.

"Saa tisa na nusu nilikuwa naanua nguo," alisema. "Nilikuwa nimemtengea chakula kikapoa. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuchelewa."

Baada ya muda jirani yake alisogea kidogo, akanionyesha nafasi mkekani. Nikavua viatu, nikakaa.